Mama Alilazwa Bila Kuondoka Shambani

Nina umri wa miaka hamsini na mbili, nina shahada ya fasihi, na kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu anayeandika vizuri hawezi kudhuru mtu. Msinicheke... au nichekeni tu, nimezoea.

Nilikuwa naishi Mumbuni, nje kidogo ya mji, nikifundisha vipindi vya hapa na pale na kuandika makala ambazo mke wangu peke yake ndiye aliyezisoma, tena akisinzia. Ndipo mwenye kliniki moja ya kibinafsi mjini, tumwite Daktari Mutua, akaniita. Wakaguzi wa bima ya afya walikuwa wanakuja. Alihitaji mwongozo wa kuzuia udanganyifu, na mtu wa kuitwa afisa wa kusimamia sheria. Wewe andika tu, Mwalimu, akaniambia, mengine tuachie sisi.

Nikaandika! Kurasa sitini. Mgonjwa asiandikiwe huduma ambayo hakupewa. Alama ya kidole isichukuliwe kabla mgonjwa hajaelezwa ni ya nini. Malalamiko yaletwe kwa maandishi, yajibiwe ndani ya siku thelathini. Hiyo ya siku thelathini niliionea fahari hasa... Nikatia sahihi kama afisa. Kama kuna aliyewahi kuufungua, sikuuliza.

Baadaye kliniki ikaandaa siku ya kupima watu bure katika kanisa letu kule kijijini, Mwala. Mimi ndiye niliyewaita akina mama! Mama yangu, mwenye kisukari, alitangulia kwenye mstari kwa maringo, maana mwanawe ni mkubwa kule kliniki. Akapimwa presha, akaweka kidole kwenye mashine. Hakuna aliyemweleza kidole ni cha nini. Niliona! Nikajiambia nisimwaibishe daktari mbele ya watu.

Wiki mbili baadaye mama alijikata mguu kwa jembe. Kidonda kikaanza kuoza. Tulipofika hospitali kubwa, msichana wa mapokezi alitazama kompyuta, kisha akamtazama mama, akamwita nyanya kwa Kikamba.

"Susu, hapa inaonyesha umelazwa kliniki ingine. Siwezi kukuandikisha mara mbili."

"Nimelazwa?" Mama akacheka. "Na mbona hao hawaniletei chai?"

Mimi sikucheka. Jina kwenye kompyuta lilikuwa la kliniki yetu. Vidole vya kanisani vilikuwa vimegeuzwa wagonjwa, na bima ilikuwa ikilipia vitanda visivyo na mtu. Mpaka kliniki imtoe mama kwenye orodha, bima haingegharamia upasuaji, nasi hatukuwa na uwezo.

Nikakimbilia kwa Daktari Mutua. Alinipa kiti, akafungua mwongozo wangu, mara ya kwanza kuuona umefunguliwa!

"Lete malalamiko kwa maandishi, Mwalimu. Siku thelathini. Si ni wewe uliandika?"

Nilimsihi. Nikatishia kwenda kwa wakaguzi. Akafungua ukurasa wa mwisho, akanionyesha sahihi yangu.

"Enda basi. Watauliza afisa ni nani."

Je, nilienda? Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nilikaa siku nne nikiogopa jela. Nikaandika barua ya malalamiko, nikairekebisha mara tatu... nikihamisha koma! Nilipokwenda kwa wakaguzi hatimaye, mama aliondolewa kwenye orodha siku iliyofuata. Daktari wa upasuaji akafungua bandeji, akatikisa kichwa. Hapakuwa tena na mguu wa kuokoa.

Wakaguzi walimshtaki daktari, lakini kesi inaahirishwa kila mara. Wakili wa Daktari Mutua ameuwasilisha mwongozo wangu kama ushahidi kwamba pale sheria zinafuatwa.

Ndugu msomaji, nakusihi! Mashine ikiletwa mbele ya mzazi wako, uliza kidole ni cha nini kabla hajakiweka. Na wewe uliyesoma, ukiitwa uandike sheria za kufungiwa kabatini, kataa. Na ukiona kosa, sema papo hapo, usingoje kulipangia maneno.

Juzi mama aliniomba nimsomee ule mwongozo. Nikausoma wote, naye akasikiliza kwa makini, mkongojo mapajani.

"Umeandika vizuri, mwana wakwa," akasema. "Na mimi niko ukurasa gani?"