Kisima Nacho Hutibiwa

Mutinda akiikumbuka ile miaka ya mwishoni mwa tisini, kwanza hukumbuka harufu ya machungwa. Yakiiva, vilima vyote vya Shimba vilinukia. Yeye na mkewe Syombua waliyachuma asubuhi, umande ungali majanini. Binti yao Kaindi aliyajaza kwenye magunia ya kwenda sokoni Kombani. Kazi ilikwenda kwa soga na vicheko.

Asubuhi moja ililetwa barua. Kaindi alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu. Pale kijijini hakuna aliyewahi kufika huko. Syombua akapiga vigelegele.

"Utasomea udaktari?" Mutinda aliuliza.

"La, baba. Afya ya jamii."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Kuzuia watu wasiugue."

Mutinda aliliweka chini chungwa aliloshika. "Miaka minne ya kujifunza kuwaambia watu wanawe mikono? Huendi. Utaurudia mtihani mpaka upate udaktari."

Kaindi aliinuka. Aliikunja barua, akaingia ndani. Soga ikaisha.

Kabla mwezi haujaisha, Syombua alishikwa na tumbo la kuendesha. Alipelekwa hospitali ya Msambweni, akatundikiwa dripu, akapona. Wiki tatu baadaye likamrudia. Safari hii Mutinda alimbeba mgongoni mpaka barabarani. Mkewe alikuwa mwepesi kama mtoto.

Mutinda aliporudi kutoka hospitali, Biasha alikuja kuuliza hali ya mgonjwa. Biasha alikuwa jirani yao, mama wa Kidigo, na mhudumu wa afya katika zahanati.

"Baba Kaindi," alisema, "daktari amemtibu mkeo mara mbili. Je, kisima atakitibu nani?"

"Kwani kisima nacho huumwa?"

"Twende ukaone."

Walifika kisimani. Mvua kubwa za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeubomoa ukingo wake. Biasha alihesabu hatua kutoka chooni hadi kisimani. Zilikuwa kumi na mbili tu.

"Choo kiko juu, kisima kiko chini. Mvua ikinyesha, uchafu huteremkia humu."

"Lakini maji haya ni maangavu!"

"Vijidudu havionekani kwa macho, baba. Mkeo anapona, akirudi anayanywa maji yale yale."

Mutinda aliinama, akayatazama maji aliyowanywesha mkewe na bintiye miaka yote.

"Na haya ndiyo wanayosomea huko?"

"Haya na mengine. Kaindi atajifunza kupima maji na kutafuta ugonjwa ulikoanzia. Atajifunza lishe ya mama na mtoto. Hata namna ya kumwambia mtu mzima jambo asilotaka kulisikia."

Mutinda akacheka, lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Jioni hiyo alimwita Kaindi. "Mwanangu, nilikosa. Nenda kasome."

Siku ileile walianza kuchemsha maji ya kunywa mpaka yatokote. Wakachimba choo kipya upande wa chini, zaidi ya hatua arubaini kutoka kisimani. Wakajenga ukingo mrefu wa saruji, wakaweka mfuniko na ndoo moja tu ya kutekea. Choo cha zamani wakakifukia. Sabuni ikawekwa mlangoni mwa choo kipya.

Kaindi aliondoka na sanduku lake la bati. Nyumba ilipwaya. Syombua alizisoma barua zake mara tatu tatu.

Kaindi alipokuja likizo, aliwafundisha majirani nyumba kwa nyumba. Masika yakapita, na Syombua hakuugua tena. Ndipo wazee wakamwita Kaindi azungumze barazani. Alipomaliza, mzee Dzombo aliuliza, "Binti huyu ni daktari?"

Mutinda alisimama, wote wamwone.

"La, mzee wangu. Huyu ndiye anayetangulia, ili daktari apumzike."