Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Jumamosi ile ilikuwa ya kawaida kabisa pale Nyakato. Jua linawaka, majirani wanafua, na mtoto wa Stellah analia, kama alivyolia wiki zote sita tangu azaliwe. Mumewe Jofrey alikuwa kisiwani Rukuba, kwenye uvuvi wa dagaa. Mama mkwe, Yuliana, alikuwa amekuja kutoka Butiama kulea mzazi.

"Huyu anataka jina," Yuliana alisema. "Sisi tulikuwaga tunaita wazee waliokufa. Likifika lake, ananyamaza mwenyewe."

Wakaita. Marehemu wa ukoo wakaisha, mtoto bado anapasua koo. Yuliana akatoka uani kugeuza mihogo aliyoianika.

Kazi ya Stellah ni kuchapa kwenye kompyuta vitabu vya zamani vya kumbukumbu za mji, na kwenye simu yake alikuwa na picha ya ukurasa wa mwaka 1934. Vifo vya watoto wachanga wa mtaa mmoja, mwezi mmoja, ukurasa umejaa. Kwa uchovu, na utani kidogo, akaanza kuyasoma majina. Heri kujikwaa dole kuliko ulimi, lakini nani anakumbuka methali mtoto akilia?

"Kudura. Sabiha. Thadeo."

Kimya.

Mtoto akamtazama, akacheka.

Yuliana aliingia mbio akipiga vigelegele. "Thadeo ni nani kwenu?"

"Mjomba wa mama," Stellah akadanganya. "Alizeeka sana."

Ndipo akasoma mstari ule mpaka mwisho. *Thadeo. Miezi mitatu, siku nne. Homa.*

Tangu hapo mtoto hakulia tena. Hata kwa njaa. Hata kwa sindano ya chanjo. Kliniki uzito ulikuwa unashuka, nesi akadhani mizani imeharibika. Miguu ikawa ya baridi mchana kweupe. Stellah alihesabu siku zilizobaki mtoto afikishe umri ule wa Thadeo, huku roho inamtoka. Ilipobaki moja, akapiga magoti mbele ya mama mkwe, akasema kweli yote.

Yuliana alimwinua kutoka sakafuni. Kisha akanong'ona:

"Mama, tunaitaga wazee kwa sababu walishiba maisha. Huyu uliyemwita hajashiba kitu."

Akamlaza mtoto kwenye ungo, nje ya mlango. Akamwambia Thadeo ashuke, aende zake. Akamwinua mtoto kwa jina la marehemu baba yake yeye Yuliana, la upande wa kike, ambalo hawakuwa wamelitaja.

"Masatu."

Mtoto akalia. Stellah akalia naye, kwa furaha. Siku ile ikapita, na nyingine, na Masatu akanona mpaka nesi akamtania.

Ila Masatu ananyonya ziwa la kulia tu. La kushoto akipewa anageuza uso. Na bado halijai. Kila asubuhi Stellah analikuta tupu.

Sasa mtoto ana miezi mitano, fizi tupu. Jumanne, Stellah akiwa anaoga, maji yalimchoma. Akainama kutazama. Kwenye ziwa la kushoto kulikuwa na alama mbichi za meno mawili, madogo sana.