Pigo Moja la Spana

Haya yalimkuta rafiki yangu fundi. Miaka yote yeye na mkewe waliinua magari pamoja kwenye gereji ya nyumbani. Yeye alibonyeza swichi ya lifti. Mkewe alikagua vyuma vya usalama vinavyozuia gari lisiporomoke, kisha akagonga nguzo ya lifti kwa spana. Mara mbili, ingia. Mara moja, usiingie.

"Wewe ni mtu wa kubonyeza tu," mkewe alizoea kumtania. "Uhai wako niachie mimi."

Mwezi mmoja baada ya kumzika mkewe, fundi alipandisha pikapu nzito peke yake. Alibonyeza tu, kama alivyozoea. Mvua ilikuwa imemfanya afunge mlango, na umeme ulipokatika gereji ikawa giza totoro. Akainama aingie chini ya gari kupapasa tochi yake.

Nguzo ikagongwa mara moja.

Akangojea pigo la pili. "Mama watoto?" aliita polepole. Akarudi nyuma hatua mbili, na pikapu ikaporomoka mbele ya miguu yake.

Umeme uliporudi, alifungua kabati la nguo za marehemu, alimoifungia ile spana. Ilikuwamo, imefungwa kwenye kitambaa chake cha kichwa, na mpini ulikuwa na joto la kiganja.

Aliishika mpaka ikapoa.