Ni Tupu, Niamini

Saa kumi na nusu jioni ya siku ya nne, Wendell Krause alikuwa amebakiza kazi moja tu: kushuka ukumbi wa chini, kuuliza uzito wa bunduki moja, na kupanda tena kabla maonyesho hayajafungwa. Kazi ya dakika kumi. Lakini magoti yake yalikuwa yamegoma tangu juzi, na ngazi ya umeme ilikuwa imeharibika.

Miaka ishirini na minane alikuwa akija Las Vegas kila Januari kuandikia jarida lake habari za silaha mpya. Zamani alikuwa haoni usingizi kwa hamu. Sasa alikuwa haoni usingizi kwa magoti. Na silaha zenyewe! Bastola za mwaka huu ungedhani zimezaliwa tumbo moja: nyeusi, za plastiki, kila moja na kidirisha cha kioo juu chenye nukta nyekundu, eti ukiiona nukta umeshapata. Kulenga si kufuma, lakini nani wa kuwaambia vijana wa matangazo? Bunduki za wachunga ng'ombe, zile za kukoki kwa wenzo chini ya mkono, zimerudi tena, safari hii zimevikwa plastiki na kutobolewa matundu ya kutundikia tochi. Babu kavalishwa jinzi ya kubana. Moja tu ilimgusa, bunduki nyepesi ya milimani yenye kitako cha kukunja na kifyatulio kilichoachia safi, bila kusitasita. Ndiyo hiyo aliyosahau kuuliza uzito wake.

Silaha zote mle ukumbini hutolewa pini ya kufyatulia, na hakuna anayeruhusiwa kuingia na risasi hata moja. Hata hivyo desturi haijafa. Anayekupa silaha huifungua, huchungulia chemba, pale risasi inapokaa, kisha hukukabidhi ikiwa wazi. Na wewe unachungulia tena, hata kama umemwona akichungulia. Hakuna anayeona ametukanwa. Anayetazamwa vibaya ni yule asiyekagua.

Wendell alikuwa akikagua mara mbili. Alianza hivyo baada ya kifo cha Curtis.

"Shemeji!"

Sauti ilitoka kwenye banda lililo karibu na ngazi. Marlene Boyle, mjane wa Curtis, alikuwa akipanga ala za bastola ndani ya boksi. Ala za ngozi, alizokuwa akishona na mumewe, na ndani ya kila moja bastola ya plastiki ya buluu, ya kuonyeshea tu. Kitu kisicho na tundu wala chuma.

"Ule ukurasa wa kumkumbuka Curtis umeutuma?" akauliza.

"Jioni hii hii, Marlene."

"Mhariri wako ananisumbua mimi. Kaniambia, mwambie huyo mzee wako aache kutega."

"Nimeshauandika. Bado kuusoma tu."

Marlene akaacha boksi. "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Miaka kumi na moja watu wananiambia mume wangu alikuwa mzembe. Hata binti yake siku hizi anasema, baba alijiua kwa uzembe. Sasa wewe andika ilivyokuwa. Basi. Sitaki sifa."

"Ndivyo nilivyoandika," Wendell akasema, na akashuka ngazi haraka kuliko magoti yalivyotaka.

Uongo.

Kule jangwani, siku ya kujaribu silaha, Curtis hakuichukua bastola mezani. Wendell ndiye aliyempa mkononi, ikiwa imefungwa, akamwambia, "Ni tupu, niamini." Na Curtis, kwa sababu alimpenda kama ndugu, hakukagua. Akaiweka pajani aifungue vipande. Bastola za aina ile hazifunguki mpaka uvute kifyatulio kwanza. Akavuta. Damu ya paja haisubiri gari la wagonjwa. Polisi walipouliza, Wendell akasema marehemu aliichukua mezani mwenyewe. Maneno machache tu. Yamemla miaka kumi na moja, na sasa yalikuwa ndani ya simu yake, yamepambwa vizuri, yakingoja kutumwa.

Ukumbi wa chini ulikuwa na dari fupi. Watu walikuwa wakifunga mizigo. Huku kikapigwa kicheko, kule utepe wa gundi ukachanwa... kisha kadiri alivyosonga mbele sauti zikapungua. Akafuata namba za mabanda. Akapinda kulia. Akapinda tena. Namba zikaisha.

Mapazia meusi tu, pande zote mbili.

Hata mashine za hewa zilikuwa zimenyamaza. Wendell akasimama.

Kisha akasikia harufu.

Baruti. Baruti iliyoungua sasa hivi, mle ndani, mahali pasipo na risasi. Na nyuma ya baruti, tamu tamu, harufu ya ndizi mbivu. Alijua hiyo ni nini. Ni mafuta ya zamani ya kusafishia mtutu, ambayo vijana hawayataki tena. Curtis alikuwa akinukia hayo hata kanisani.

Mwisho wa njia palikuwa na banda. Halikuwa na bango wala namba. Meza moja, kitambaa cha kijani, na mtu mwenye kofia amempa mgongo.

"Samahani, bwana," Wendell akasema. "Natafuta ile bunduki nyepesi ya..."

Mtu yule hakugeuka. Akarudisha mkono nyuma, na mkononi mna bastola. Imefungwa.

Wendell akaipokea. Mchovu hupokea anachopewa. Akaanza kuipima kichwani kama alivyopima mamia wiki ile: kishikio kinajaa kiganja, uzito uko mbele kidogo, kilengeo ni cha kizamani... mtutu una joto.

Una joto?

"Ifungue," mtu akanong'ona.

Mikono ya Wendell ikaishusha bastola mpaka pajani, kama ya fundi aliyezoea. Kidole kikaingia kwenye kifyatulio. Hapo ndipo alipoona kishikio kimezungushiwa utepe wa kijani, alioufunga yeye mwenyewe, miaka kumi na mbili iliyopita. Bastola yake. Ile ambayo polisi waliichukua, wakamwambia imeyeyushwa.

Na hakuwa ameikagua.

Akataka kuondoa kidole. Kidole hakikutoka. Kilikuwa kinavuta, polepole...

"Ni tupu," mtu akasema. "Niamini."

Haikuwa sauti ya Curtis. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya miaka kumi na moja nyuma, yenye afya na kujiamini.

Kifyatulio kikafika pale pagumu, pale pa mwisho.

"Si tupu!" Wendell akalia. "Si tupu, Curtis! Mimi ndiye niliyekupa. Sikuikagua. Nilikuwa na haraka, nikakwambia uongo, na nikawaambia uongo!"

Kidole kikalegea. Akaikoki kwa nguvu, risasi ikaruka kutoka chemba, ikaanguka kwenye zulia bila kishindo. Risasi nzima, ya shaba. Akainama kuiokota. Alipoinuka mkononi mlikuwa na risasi peke yake. Hakukuwa na bastola, hakukuwa na meza, hakukuwa na mtu.

"Mzee, umepotea?" Mama mmoja mfanyakazi alikuwa akikunja zulia hatua chache nyuma yake. "Upande huu haujakodiwa mwaka huu. Hakuna kitu huku."

"Kuna mtu amepita hapa?"

"Wewe tu. Unaongea peke yako, nikajua una simu."

Wendell akatia risasi mfukoni mwa suruali, akarudi alikotoka. Alipofika chini ya ngazi akakaa, akatoa simu. Alikuwa ameshasema ukweli, si ndiyo? Aliyepaswa kuusikia ameusikia. Walio hai watapata faida gani? Alikuwa amechoka, jamani, amechoka mpaka kwenye mifupa. Kuandika upya ni usiku mzima. Kumtazama Marlene machoni ni maisha yote.

Akabonyeza. Uongo ukaenda.

Juu, Marlene alikuwa amemaliza kufunga boksi. Mezani ilibaki bastola moja ya plastiki ya buluu.

"Nimeutuma," Wendell akasema.

"Umeandika ilivyokuwa?"

"Ilivyokuwa."

Marlene akaichukua ile bastola ya plastiki, akamnyooshea.

"Shika," akasema. "Ni tupu, niamini."

Wendell akarudi nyuma hatua mbili, akagonga meza ya jirani. Maneno yale yalisikiwa na watu wawili tu duniani, na mmoja amezikwa.

"Nani kakwambia useme hivyo?"

"Hata sijui. Saa sita kuna mtu alikuja, amevaa kofia, uso sikuuona vizuri. Akaniambia, jioni Wendell akishasema ametuma, mpe hii, mwambie hivyo. Nikadhani ni utani wenu wa kazini." Akaushusha mkono. "Ila alikuwa ananukia ndizi mbivu, shemeji. Alipoondoka nikakaa hapa nikalia, na sikujua nalia nini."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wendell akaitazama ile plastiki, kitu kisichoweza kumdhuru hata kuku, na akashindwa kuigusa.

"Haikuwa tupu," akasema. Watu wa banda la jirani wakageuka. "Mumeo hakuwa mzembe, Marlene. Mimi nilimpa. Mimi nilimwambia maneno hayo. Aliniamini."

Marlene akaiweka bastola mezani taratibu.

"Na huo ukurasa?"

"Ni uongo. Nitauandika upya leo hii."

"Utauandika hapa, mbele yangu. Halafu utampigia binti yangu." Machozi yalikuwa yakimtoka, hakuyafuta. "Na kuna kitu kingine alisema. Alisema nikuulize risasi umeiweka wapi."

Wendell akatia mkono mfukoni. Kilichokuwemo kilimuunguza vidole. Akakitoa, akakiweka kwenye mwanga wa taa.

Risasi ilikuwa imeondoka. Limebaki ganda tupu, jeusi mdomoni, bado linafuka.

Hakuna mtu aliyesikia mlio.

Wendell akaanza kujipapasa paja, polepole, kama mtu anayetafuta funguo.