Mikono Kwenye Skrini

Walikutana Jumamosi asubuhi kwenye foleni ya duka la mikate, ndani ya kituo cha treni cha Aarhus. Sidsel alivaa koti la mvua la manjano, na kofia ya baiskeli bado ilikuwa kichwani. Villads alivaa suti, maana aliandika vitabu vya maelekezo ya mashine, na kazi tukufu namna hiyo haina wikendi.

"Keki ya mdalasini imebaki moja," alisema Villads. "Tugawane?"

"Hivi kaka, ndivyo unavyotongoza?"

"Mara ya kwanza. Nimekosea wapi?"

Sidsel alicheka, akampa namba. Kwa siku kumi wakaitana "mpenzi" kwenye simu bila aibu.

Aibu ilifika siku ya kumi na moja. Kampuni ya Villads ilialika watu wa mjini wajaribu mashine mpya ya kupimia presha, wakisaidiwa na kitabu cha Villads tu. Mwandishi hukaa nyuma ya kioo na haruhusiwi kusema neno. Siku hiyo pazia la kioo lilikuwa limeshushwa, na skrini ilimwonyesha mikono tu. Mikono ya mtu wa tatu ilihangaika na mkanda wa kufunga mkononi dakika tisa.

"Huyu ng'ombe au mtu?" aliguna Villads. "Hatua ya nne hata mtoto anaielewa!"

Kiwiko chake kilikuwa juu ya kitufe cha kipaza sauti. Mikono ikasimama.

"Villads?"

Ilikuwa sauti ya Sidsel, na mikono ikatoweka kwenye skrini. Villads alimpigia simu mara saba. Ya nane ikapokelewa.

"Ng'ombe anaongea."

"Mpenzi, sikujua ni wewe!"

"Kwa hiyo angekuwa bibi wa mtu, sawa?"

Villads alianza kumweleza hatua ya nne.

"Kesho wewe utakaa kwenye kile kiti," alisema Sidsel. "Mimi nyuma ya kioo."

Bosi alikubali kwa furaha ya kutisha. Kesho yake Villads akaketi, akasoma: "Hakikisha mkanda umeelekezwa ipasavyo." Ipasavyo vipi? Miezi yote alikuwa akiufunga kwa mazoea. Mashine ikamminya kiwiko, ikapiga kelele.

"Endelea, kaka," kipaza sauti kilisema.

Aliweka kitabu chini. "Haieleweki. Nilikuwa nasoma kilichomo kichwani mwangu, siyo kilichoandikwa. Kisha nikakutukana wewe."

"Sasa unataka nini?"

"Ningependa, endapo itawezekana, uzingatie uwezekano wa..."

"Hatua moja, Villads. Fupi."

"Nisamehe."

Mlango ulifunguka. Sidsel akaugeuza mkanda mkononi mwa Villads, taratibu.

"Hiyo nimeielewa. Ile ya nne tutaiandika upya. Mimi nitajaribu, wewe utafunga mdomo."

Villads akaufunga.