Leso za Bi. Kadzo

Kila jioni, akishateka maji na kufagia uwanja, Mwanaima alikuwa na kazi moja ambayo wasichana wenzake wa Msambweni hawakuwa nayo. Alikuwa msomaji wa nyumba. Yeye ndiye aliyesoma kibandiko cha chupa ya dawa, barua za mjomba kutoka Tanga, na hata maandishi ya gunia la mchele, ingawa hayo hakuna aliyemwomba ayasome. Mwaka huo wa 1956 alikuwa darasa la nne, na wasichana waliofika darasa hilo pale kwao walikuwa wachache. Mwanaima alilijua jambo hilo vizuri. Wakati mwingine alilijua kupita kiasi.

Basi dada yake Mishi alipochumbiwa na Alfani, fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari huko Ramisi, hakuna aliyeuliza ni nani atakayefuatana na Shangazi Mwanapili kwenda Mombasa kununua leso. Desturi yao ilikuwa hivi: wiki ya harusi, kina bibi harusi humpelekea mama wa bwana harusi na dada zake leso za sare, na jina la leso, yaani yale maneno yaliyochapishwa juu yake, husomwa kwa sauti mbele ya wanawake wote. Maneno yakiwa mazuri, nyumba mbili huwa moja. Yakiwa mabaya, basi tena. Mwaka uliotangulia jirani yao mmoja alipeleka leso zenye maneno ya kejeli bila kujua, na mpaka siku hiyo familia hizo mbili zilikuwa hazizikani.

"Mimi Msahafu nasoma, alhamdulillahi," Shangazi alisema. "Lakini leso za siku hizi zimeacha herufi za Kiarabu. Zaandikwa kwa herufi zenu za shule. Wewe mwanangu ndiwe utakayekuwa macho yangu."

Mwanaima alikubali mara moja, lakini kusema kweli hakuwa akifikiria leso. Alikuwa akifikiria barafu. Rafiki yake Mbodze, waliyekaa naye dawati moja, alikuwa amekwenda Mombasa akanywa sharbati ya barafu, na tangu siku hiyo hakuwa na habari nyingine ya kusimulia. "Meno yote yafa ganzi," Mbodze alikuwa akisema, "nawe wacheka tu." Shangazi aliahidi kwamba wakimaliza kununua leso, watakunywa sharbati.

Walipanda basi la alfajiri, wakavuka Likoni kwa feri, na jua lilipoanza kuchoma walikuwa wamekwisha kuingia katika mtaa wa maduka ya leso, karibu na mji wa kale. Mwanaima alisimama akashangaa. Mtaa ulikuwa mwembamba na gari halikuthubutu kuingia, maana watu walijaa kutoka ukuta hadi ukuta. Leso zilining'inia milangoni, nyekundu, manjano na buluu, mpaka zikawagusa wapita njia vichwani. Muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake, mahamali walisukuma mikokoteni wakipiga kelele, "Simile! Simile!", na pale pembeni, juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki, palikuwa na mitungi ya sharbati nyekundu. Mwuzaji alikuwa akivunja pande la barafu kwa nyundo.

"Shangazi, ile pale!"

"Leso kwanza," alisema Shangazi.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Shangazi Mwanapili hakuwa mtu wa kununua kitu kwa haraka. Kwanza alisalimiana na mwenye duka mpaka wakaulizana habari za wajukuu. Kisha aliishika leso, akaisugua kwa vidole, akaigeuza nyuma, akaipeleka mwangani. Akiridhika na rangi, ndipo alipomwambia Mwanaima, "Haya, nisomee."

"Kelele zenu hazininyimi usingizi," Mwanaima alisoma.

"Astaghfirullahi! Rudisha."

Duka la pili: "Sina haja ya wageni." Duka la tatu maneno yalikuwa mazuri, lakini rangi haikumpendeza Shangazi. La nne rangi ilimpendeza, lakini doti, yaani jozi za leso, hazikutosha watu wote. Duka la tano walikaa mpaka Mwanaima akahisi miguu yake inawaka ndani ya viatu vipya, halafu Shangazi akasema watakwenda kwanza kutazama kwingine. Walipita mbele ya meza ya sharbati wakaipita. Wakarudi, wakaipita tena. Pande la barafu lilikuwa linazidi kupungua, na Mwanaima alitaka kulia kwa hasira. Kwani leso si leso? Bi. Kadzo, mama yake Alfani, angejifunga na kwenda zake jikoni, mambo yakaisha!

Adhuhuri ilipokaribia waliingia katika duka la mzee mmoja wa Kihindi aliyeitwa Hirji. Alikuwa na leso mpya za rangi ya machungwa na nyeusi, zimekunjwa na kupangwa rafuni, maneno yakiwa ndani ya mkunjo. Shangazi alizishika, akazisugua, akazipeleka mwangani, na uso wake ukachangamka.

"Hizi ndizo! Bi. Kadzo atazipenda. Hebu nisomee, mwanangu."

Mwanaima alitazama nje. Mwuzaji wa sharbati alikuwa akifunika mitungi yake. Alishika ncha ya leso, akaona herufi mbili tatu tu, na badala ya kuifunua, akasema haraka haraka, "Mungu awabariki nyote."

"Umesoma yote, mtoto?" aliuliza Mzee Hirji.

"Nimesoma," alijibu Mwanaima.

Shangazi alifurahi mno. Alilipa, na walipotoka alikuwa akiyarudiarudia maneno yale. Alikutana na mwanamke mwenyeji wa Diani, akamwambia, "Tumepata leso, dada! Zasema Mungu awabariki nyote." Kila aliposema, Mwanaima aliutazama mfuko wa leso na kugeuza macho. Lakini alijituliza. Huenda leso ilisema maneno kama hayo. Leso nyingi zina maneno mazuri.

"Sasa sharbati?" aliuliza.

"Sasa kwa fundi, zikatwe na kupindwa. Kisha sharbati."

Fundi Nzai alikuwa na cherehani yake kwenye baraza, hatua chache kutoka pale. Leso huuzwa mbili mbili zikiwa zimeungana, na fundi ndiye anayezitenganisha na kuzipinda kingo. Alitandaza doti ya kwanza juu ya meza, akainyoosha kwa viganja. Kwa mara ya kwanza Mwanaima aliyaona maneno yote, makubwa, meusi, hayana pa kujificha:

MMEPATA MLICHOTAKA, TUPUMZISHENI.

Akilini alimwona Mishi amekaa na hina mikononi, na Bi. Kadzo akisomewa maneno hayo mbele ya wanawake wa Ramisi. Angesemaje? Yeye, msomaji wa nyumba? Mikasi ya Fundi Nzai ikaingia kitambaani, kraa, mpaka upande wa pili. Fundi akavuta doti nyingine.

"Usikate!" Mwanaima alipiga kelele. "Fundi, tafadhali, usikate!"

Fundi aliachia mikasi. Shangazi aligeuka. "Una nini wewe?"

"Sikusoma, Shangazi." Machozi yalikuwa yakimtoka. "Nilisema uongo. Nilitaka twende tukanywe sharbati." Kisha akayasoma yale maneno, moja moja, kwa sauti ndogo.

Shangazi Mwanapili hakumpiga wala hakumfokea, na kwa Mwanaima hilo lilikuwa baya zaidi. Alikaa tu kwenye baraza, akajipepea kwa ncha ya buibui.

"Chukua hizo," alisema mwishowe. "Utamweleza Mzee Hirji wewe mwenyewe."

Mwanaima alieleza huku watu wa dukani wakisikiliza. Mzee Hirji alinuna, akasema yeye aliuliza na akajibiwa, lakini mwisho alizipokea zile ambazo hazijaguswa, akarudisha pesa zake. Iliyokatwa aliikataa kabisa. Leso ikishakatwa hairudi dukani, na hilo kila mtu wa mtaa ule alilijua.

Wakaanza upya. Safari hii Mwanaima mwenyewe ndiye aliyezifunua leso kutoka mwanzo hadi mwisho, akasoma kila neno, akaulizwa, akasoma tena. Miguu ilimuuma, koo lilimkauka, na hakuthubutu kulalamika. Alasiri ilikuwa imekwisha kuingia walipopata leso za kijani zilizoandikwa: "Leo tumekuwa ndugu, tunamshukuru Mola." Fundi Nzai alipomaliza kuzipinda, mwuzaji wa sharbati alikuwa amekwenda zake. Juu ya meza palibaki maji tu.

Siku ya kupeleka leso, wanawake walijaa ukumbini kwa Bi. Kadzo. Bi. Kadzo aliipokea leso, akaibusu, kisha akamwita binti yake mdogo.

"Mwanangu yuasoma shule hapa Ramisi," alisema kwa fahari. "Njoo utusomee."

Mwanaima alishika ukuta. Yule binti aliikunjua leso akaisoma bila kukwama, na vigelegele vikapasua nyumba. Bi. Kadzo alimkumbatia Shangazi, akamkumbatia na Mishi, akilia na kucheka.

Jioni, wakiwa njiani kurudi, ndipo Shangazi alipolizungumza jambo lile.

"Umemwona yule binti? Siku ile ungenyamaza, leo angetusomea nini?"

"Mmepata mlichotaka," alisema Mwanaima kwa sauti ndogo.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi sikukutuma kubeba mzigo. Nilikupa amana. Asiyejua kusoma humwamini anayejua, na ukimdanganya hana njia ya kujua mpaka ameshaaibika. Elimu uliyo nayo si yako peke yako, ni ya kila anayekuja kwako na kusema, nisomee. Lakini ulisema kabla mambo hayajaharibika yote, na kwa hilo nimekusamehe."

"Na ile iliyokatwa, Shangazi?"

"Ile ni yako. Utafungia vitabu vyako vya shule."

Tangu siku hiyo Mwanaima alikwenda shule na vitabu vilivyofungwa kwa leso ya rangi ya machungwa na nyeusi. Mbodze alimwuliza kama alikunywa sharbati ya barafu na meno yakafa ganzi. Mwanaima alisema hapana, hakuinywa. Kisha akafungua leso, akaitandaza juu ya dawati, akamwambia Mbodze aisome yote kabla ya kumwuliza lolote lingine.