Kitabu Namba 212

Diski ya vitabu iliibwa Ijumaa katika maktaba ya vijana ya mtaa wa Mabanga. Jumatatu asubuhi ikakutwa mlangoni, ndani ya mfuko wa plastiki. Kufuli halikuvunjwa.

Inspekta Uwimbabazi alivaa glavu, akaipaka unga wa kusaka alama za vidole. Hakupata hata moja. Aliyeirudisha alikuwa ameipangusa.

"Vitabu vimepungua?" alimuuliza Kamate, mtunza maktaba.

"Hapana, mama Inspekta. Vilikuwa mia tatu thelathini na tisa. Viko vilevile."

"Fungua nione."

Havikuwa vitabu vya karatasi. Vyote vilikaa ndani ya diski hiyo, watoto wakivisomea kwenye simu. Kila mwandishi alikuwa na folda yake. Ndani yake kila kitabu kilikuwa na folda, na mwisho wa jina la kitabu, kwenye mabano, namba.

"Namba anatoa nani?"

"Programu yenyewe. Kitabu kikiingia, kinapewa namba inayofuata."

"Kikifutwa?"

"Namba inakufa nacho. Haipewi kingine."

"Umeshawahi kufuta?"

"Hata kimoja."

"Basi kwa nini cha mwisho ni 340?"

Kamate alivipanga kwa namba, akashuka polepole. 211. Kisha 213. Mwizi alifuta kitabu kimoja, akaingiza kingine ili hesabu isipungue.

Kamate alipitia folda za waandishi, akasimama ghafla. "Mama Domitille hayumo. Kitabu chake ni ushuhuda wa mama wakimbizi wa Kanyaruchinya. Alianza kuandika walipokimbia volkano, akaendelea vita ilipowafukuza tena. Majina ya waliowatesa yako mule. Na ya wale mama pia."

"Nani mwingine alikijua?"

"Alhamisi watu wawili walikuja kukiulizia. Nikawaambia warudi leo."

"Watu gani?"

"Wenye bunduki, mama. Mutu wa bunduki haulizwi kitambulisho."

"Kuna nakala?"

"Mwenyewe alikataa."

Uwimbabazi alifungua namba 340. Kilikuwa kitabu cha kusoma cha darasa la pili, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Pembeni mwa picha moja kulionekana kidole gumba chenye kovu la moto, kucha imepasuka katikati.

Simu yake ililia. Alikuwa Komanda, mkuu wake.

"Nataka kile kitabu, na jina la aliyekichukua. Leo."

Uwimbabazi alikata simu, akabaki ameishika. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba kilichopotea ni kitabu.

Alikwenda mtaa wa Murara kumpa mwandishi pole. Domitille, mwalimu mstaafu, alikuwa uani akichambua maharagwe.

"Pole kwa kitabu chako, mama."

"Asante. Keti."

Inspekta hakuketi. Alikuwa akitazama mkono uliokuwa unamsogezea kigoda.

"Kidole hicho kiliungua wapi?"

"Mwaka wa volkano. Niliokota sufuria kwenye lava, nikadhani imepoa."

"Nimekiona leo, kwenye kitabu cha darasa la pili."

Domitille hakuficha mkono.

"Basi ni mimi. Niko kwenye kamati ya maktaba, ufunguo ninao. Nilisikia wenye bunduki wanakitafuta. Nimekifuta mwenyewe, na kingerudi leo, ningekifuta tena."

"Kwa nini hukumwambia Kamate?"

"Wangemuuliza. Mutu asiyejua hawezi kutaja, hata wakimpiga."

"Diski ukairudisha."

"Vile vingine ni vya watoto. Wana kosa gani?"

"Umeharibu kazi ya miaka yako yote ya uzeeni."

"Wale mama walinipa maneno yao niyatunze. Sikupewa niwauze nayo. Wako hai, Inspekta. Siku wakitaka watasema tena, tena kwa sauti yao. Ukitaka kunifunga, nifunge. Majina sitoi."

Simu ililia tena. Uwimbabazi aliipokea palepale, mbele ya yule mama.

"Umempata?" Komanda aliuliza.

"Diski imepatikana. Kitabu hakipo tena duniani."

"Nimekuuliza jina."

"Kwanza wewe uniambie, Komanda, ulijuaje kwamba kilichopotea ni kitabu?"

"Kesho asubuhi uniletee bastola na kitambulisho chako," alisema Komanda.

"Nitaleta. Na swali langu nitakuja nalo, mbele ya mwendesha mashtaka."

Akaizima simu, akavuta kigoda, akaketi.